Tufani, Kuchafuka na Kutulia: Kivumishi cha Kiingereza ‘tempestuous’ katika Tafsiri ya Kiswahili

S.S. Mushi alipochapisha tafsiri yake ya The Tempest ya Shakespeare mwaka 1969, aliipa jina la Tufani. Makala haya yanajenga hoja kwamba uteuzi huo unafaa kwa nomino, lakini neno hilohilo haliwezi kubebeshwa maana ya kitamathali ya kivumishi ‘tempestuous’. Maana hiyo Kiswahili huifikia kwa kitenzi.

Tuanze na nomino. ‘Tempest’ lina asili ya Kilatini tempestas, lililotokana na tempus, yaani wakati. Maana yake ya awali ilikuwa majira au hali ya hewa, kisha ikafinyika ikawa hali mbaya ya hewa. Uhusiano huo si mgeni pwani ya Afrika Mashariki, ambako kaskazi na kusi ni majina ya pepo na ya misimu pia. Tufani, kwa upande wake, limetoka katika Kiarabu, ambako neno hilo hutaja gharika, hasa ile ya Nuhu katika Kurani. Ndiyo maana tamthilia hiyo kwa Kiarabu hujulikana kama al-Asifa, neno la upepo mkali. Kiswahili, sawa na Kiajemi na Kihindi, kimelipa tufani maana ya upepo mkali wenye mvua. Hata hivyo, msomaji anayekijua kisa cha Nuhu bado husikia mwangwi wa adhabu. Mwangwi huo unaifaa tamthilia: msukosuko wa bahari unaletwa kwa makusudi na Prospero dhidi ya waliomdhulumu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeangamia. Aliyetarajia maangamizi anakuta msamaha, na mvutano huo usingepatikana kama jina lingekuwa Dhoruba.

Kivumishi nacho hakina tatizo kinapotumika kwa maana ya msingi. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, inakitumia kwa upepo ulioikumba merikebu ya Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mwaka huohuo The Tempest iliigizwa mbele ya mfalme huyo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) waliufananisha upepo huo na tufani, na tafsiri yao inaeleweka kwa kuwa kinachosifiwa ni upepo wenyewe.

Ugumu unajitokeza pale Kiingereza kinapokitumia kivumishi hicho kwa ndoa, urafiki, mjadala au tabia ya mtu. Hapo hakimaanishi hasira ya mara moja, wala si lazima kimaanishe ukatili. Kinataja hisia kali zinazopanda, zikashuka, zikapanda tena. Mtafsiri akiandika ‘ndoa yenye tufani’, msomaji huelekea kufikiri kwamba wanandoa wamefikwa na msiba. Sababu ni kwamba tufani hukipiga chombo kutoka nje. Haichimbuki ndani yake. ‘Tempestuous’ huiweka dhoruba ndani ya wahusika wenyewe. ‘Ndoa ya vurugu’ nayo inapotosha, kwa kuwa vurugu ni ukosefu wa utaratibu, ilhali ‘ndoa kali’ haisemi lolote la maana.

Lugha ya bahari ina njia nyingine. Bahari huchafuka, huchacha, kisha hutulia. Mtu naye huchachamaa. Vitenzi hivi vinaweka msukosuko ndani ya kile kinachosukwasukwa, na viambishi vyake vya njeo na hali vinaonyesha kuja na kuondoka kwake. ‘Ndoa yao ilikuwa ikichafuka na kutulia, kisha ikichafuka tena’ inahifadhi mrudio uliomo katika neno la Kiingereza. Tahadhari inahitajika, kwani moyo au roho ikichafuka, Mswahili anaweza kuelewa kichefuchefu. Kwa hiyo kiima cha kitenzi kinapaswa kuteuliwa kwa uangalifu.

Inaweza kupingwa kwamba njia hii inarefusha sentensi. Ni kweli, na katika kichwa cha habari au ubeti wenye mizani hasara hiyo ni kubwa. Lakini tumtazame Prospero. Kivumishi kinamfunga katika sifa ya kudumu. Tukisema ‘Prospero amechachamaa’, tunataja hali aliyoingia na anayoweza kutoka. Huo ndio mwendo wa tamthilia: dhoruba ya baharini inakwisha mapema, na sehemu kubwa inayobaki ni safari ya hasira yake kuelekea utulivu, hadi anaposamehe na kuahidi bahari shwari katika tendo la 5.

Kwa msingi huo, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinapaswa kutenganisha maana mbili za kidahizo hiki: ya hali ya hewa, inayofasirika kwa tufani au dhoruba, na ya hisia, inayohitaji kitenzi pamoja na sentensi ya mfano. Kiswahili hakijapungukiwa na neno hapa. Tafsiri hukwama inapong’ang’ania kwamba kivumishi lazima kilipwe kwa kivumishi.