Adabu ya Kuuliza: Uhakiki wa Risala ya Raymond na Moen

Miongoni mwa maandishi yaliyotungwa na mafundi wa Linux kwa ajili ya watu watumiao mfumo huo wa kompyuta, ipo risala moja isiyofundisha kuandika programu wala kutengeneza mtambo, bali yafundisha kuuliza. Jina lake kwa Kiingereza ni "How To Ask Questions The Smart Way", yaani namna ya kuuliza maswali kwa busara. Watungaji wake ni Eric S. Raymond na Rick Moen, nayo ilitolewa kwanza mwaka 2001. Tangu hapo imerekebishwa mara nyingi na kufasiriwa katika lugha nyingi, na watu waombao msaada wa ufundi kwa njia ya intaneti huelekezwa kwayo mara kwa mara, wengine kwa upole, wengine kwa ukali. Maandishi yenye kutumika kiasi hicho yastahili kusomwa kama yasomwavyo maandishi mengine ya adabu: kutazama yanamwagiza nani, yanamsamehe nani, na kama maneno yake yatimiza kusudi lake.

Risala hii haieleweki vema pasipo kukumbuka mahali ilipozaliwa. Linux haimilikiwi na kampuni moja. Programu zake huandikwa na watu wengi walio mbalimbali, na kila apendaye aweza kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Zipo kampuni ziuzazo msaada kwa mikataba. Lakini mtumiaji wa kawaida, programu yake ikimgomea, hupeleka swali lake mbele ya hadhara ya watu asiowajua, akangojea mmoja wao amjibu bila ujira. Hata habari za Linux zenyewe zaanza na swali. Tarehe 3 Julai 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa Minix akiuliza ni wapi atapata kanuni za POSIX katika namna isomekayo kwa kompyuta. Tarehe 25 Agosti mwaka ule ule aliwaandikia tena, akiwaarifu kwamba anatunga mfumo wa uendeshaji kwa kujifurahisha tu, akawauliza ni mambo gani wayapendayo na wasiyoyapenda katika Minix. Barua zote mbili zilitaja kazi aliyokuwa nayo mwulizaji na kitu alichokitaka. Basi kanuni ambazo Bwana Raymond na mwenziwe waliziandika miaka kumi baadaye hawakuzizua. Walizikuta zikitumika, wakazikusanya.

Sifa ya kwanza ya risala ni kwamba inalichukua swali kuwa ni kazi. Mwulizaji aambiwa kwamba, kabla hajanena, atafute katika majibu yaliyokwisha tolewa, asome kitabu cha maelezo, ajaribu mwenyewe, amwulize rafiki ajuaye. Kisha, atakapouliza, aeleze aliyokwisha yafanya. Shauri hili si ukali. Mwenye kujibu anayetoa saa yake bure ana haki ya kuona kwamba na mwenziwe ametoa yake. Wahenga wamekataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo. Naye aombaye msaada bila kujisumbua, kisha akanung'unika kwa kuchelewa jibu, huwa amewatukana wakunga wake ingawa hakutamka tusi.

Sifa ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni uchambuzi wa umbo la swali. Kichwa cha swali chatakiwa kitaje kitu na kasoro yake. Mtu akiandika "Nisaidieni, printa imeharibika!", hakuna ajuaye kama limhusu au halimhusu. Lakini akiandika kwamba printa fulani yachapa ukurasa wa kwanza tu tangu alipobadili toleo la mfumo, aliyewahi kulikuta jambo hilo atalitambua kwa kulitupia jicho. Kelele imeondoka, na habari imeingia mahali pake. Kadhalika risala yataka mwulizaji asimulie dalili wala si dhana zake, na azisimulie kwa kufuata mpango wa wakati: alifanya nini, kompyuta ikajibu nini, kisha akafanya nini. Tabibu yeyote angelikubali shauri hilo. Mgonjwa aingiaye akidai dawa ya malaria amekwisha jipima mwenyewe, na kama amekosea, humpoteza na tabibu.

Katika mlango huo ipo kanuni moja inayopita mipaka ya kompyuta, nayo ni kwamba mwulizaji aeleze mwisho wa safari yake, asieleze hatua iliyomkwamisha tu. Mafundi wana mfano maarufu wa jambo hili. Mtu auliza jinsi ya kukata herufi tatu za mwisho za jina la faili. Ajibiwa vizuri, ashukuru, aende zake. Kumbe alitaka kujua aina ya faili, na aina nyingine huandikwa kwa herufi nne, na faili nyingine hazina alama hiyo kabisa. Jibu lilikuwa sahihi, na mtu hakusaidiwa. Hapana budi kukiri kwamba ni maandishi machache ya adabu yaliyoiona tofauti hii waziwazi, baina ya swali lililoulizwa na haja iliyolizaa.

Tena risala yamtaka mwulizaji, shida yake ikiisha, arudi kuwaarifu wote lililoiponya. Hapa swali lake lageuka kuwa mali ya jamaa nzima, kwa maana atakayekwama mwakani atalikuta pamoja na jibu lake. Maneno haya yamezidi kuwa mazito tangu mwisho wa mwaka 2022, watu wengi walipoanza kuziuliza mashine zenye kuzungumza. Mashine hiyo haichoki wala haitukani. Lakini mazungumzo yake hubaki baina yake na mtu mmoja, hata likiwa jibu ni jema mwingine halikuti, na hata likiwa ni la uongo hapana hadhara ya kulikanusha.

Hayo ndiyo mema ya risala, nayo si haba. Kasoro yake yaanza pale inapoacha kueleza swali na kuanza kueleza jeuri. Wakati ilipotungwa, mwulizaji aliyeshindwa kusoma kitabu cha maelezo alizoea kujibiwa kwa herufi nne za Kiingereza zenye kumwamuru akakisome, na moja ya herufi hizo ni ufupisho wa neno chafu. Watungaji wamshauri mwulizaji asikasirike. Wasema kwamba aliyemjibu hivyo aona habari yenyewe ni rahisi kupatikana, na kwamba mtu hujifunza zaidi akiitafuta mwenyewe. Basi na alichukue jibu hilo kuwa ni namna ya heshima, kwa kuwa angaliweza kunyamaziwa.

Hoja hii haisimami ikitazamwa kwa makini. Jibu hilo lafanya kazi mbili kwa pamoja: laelekeza, tena laaibisha. Kama kusudi lingekuwa ni kuelekeza, jina la mlango na ukurasa lingetosha, nalo halimgharimu mwenye kujibu zaidi ya herufi zile nne. Kitu pekee ambacho tusi laongeza ni aibu, na aibu haimfundishi mtu kusoma, bali kutouliza tena. Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Risala yamfunza mmoja kuvumilia maumivu ya ulimi uliojikwaa kinywani mwa mwingine.

Wala si kweli siku zote kwamba habari hiyo ni rahisi kupatikana. Kitabu cha maelezo cha Unix, ambacho vitabu vya Linux vimeufuata mtindo wake, kilitolewa kwanza mwezi Novemba 1971 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, kwa ajili ya watu waliokuwa karibu na kazi yenyewe. Kimepangwa kwa majina ya amri, kama kamusi ilivyopangwa kwa maneno. Ajuaye jina la amri atafika mara moja. Asiyejua hana mlango wa kuingilia. Ipo amri iitwayo apropos, itafutayo kwa neno lililomo katika maelezo mafupi. Lakini na hiyo yahitaji mtu awe analijua neno, tena kwa lugha ya maelezo hayo. Mgeni aghalabu hakosi bidii. Akosalo ni jina la kitu kinachomsumbua. Kumwambia akasome kitabu ni kama kumpa mtu kamusi na kumwagiza atafute neno asilolijua.

Mizani ya risala nzima imelala upande mmoja. Sehemu kubwa sana yamwagiza mwulizaji. Wenye kujibu wamepewa maagizo mafupi karibu na mwisho. Tena maagizo yenyewe ni mazuri: wawe wapole, wamwonye faraghani aliyekosa kwa mara ya kwanza, wakiri wasilolijua. Lau yangewekwa mwanzoni, sura ya kazi yote ingebadilika. Katika nyumba za Waswahili hodi ina jozi yake, nayo ni karibu. Abishaye hodi hupaswa kungoja na kujitambulisha, naye mwenye nyumba hupaswa kuitika, hata kama ni kwa kusema kwamba leo hana nafasi. Raymond na Moen wameandika kitabu kizima cha hodi, na karibu wakaitia pembeni.

Kwamba njia nyingine ilikuwapo yaonekana katika Linux yenyewe. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Ubuntu, ulioitwa kwa neno la lugha za Kinguni ambalo ni ndugu wa neno la Kiswahili utu. Katika kanuni za mwenendo za jamaa hiyo mwulizaji aliambiwa kwamba hakuna ajuaye kila kitu, na kwamba kuuliza huepusha matatizo mengi ya baadaye. Wanaoulizwa wakaagizwa wawe wepesi wa kujibu na kusaidia. Kisha ndipo mwulizaji akakumbushwa kuchagua mahali panapofaa pa kuuliza. Kanuni ni zile zile, ila mpango umegeuzwa, na wajibu umegawanywa. Hata miongoni mwa watunzaji wa kiini cha Linux, waliosifika kwa ukali, mambo yalibadilika. Tarehe 16 Septemba 2018 Bwana Torvalds aliwaomba radhi hadharani kwa lugha yake, akajiweka kando kwa muda, na kanuni mpya za mwenendo zikashika mahali pa zile za mwaka 2015. Ukali ambao risala iliutetea kuwa ni desturi ya mafundi, mkuu wa mafundi hao aliukana mwenyewe.

Limebaki jambo linalowahusu zaidi wataalamu wa Kiswahili. Risala yamshauri mgeni wa Kiingereza kwamba, asipojua wenye kujibu husema lugha gani, aandike Kiingereza. Makosa yake ya maandishi yatavumiliwa kidogo, uvivu hautavumiliwa. Shauri hili ni la haki kadiri liendavyo, lakini haliendi mbali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini programu isemayo Kiswahili hutoa na taarifa za makosa yake kwa Kiswahili, na sheria ya kwanza ya mafundi ni kunukuu taarifa ya kosa kama ilivyo. Mwulizaji akiinukuu, wengi wa wanaoweza kumjibu hawaitambui. Akiitafuta, hapati kitu, kwa sababu waliomtangulia waliipata kwa Kiingereza. Ndiyo maana watumiaji wa lugha nyingi hushauriwa waandike LC_ALL=C mbele ya amri, programu irudie Kiingereza chake, kisha ndipo waulize.

Jambo hilo laonyesha upungufu wa kutunga istilahi peke yake. Istilahi iliyoandikwa katika dirisha la programu imetangazwa tu. Hujaribiwa pale mtu aliyekwama anapoitumia kumweleza mwingine shida yake, naye akaelewa. Kama mtu hutumia kompyuta kwa Kiswahili na kuisemea shida kwa Kiingereza, lugha imepewa kazi ya kuamuru ikanyimwa kazi ya kuuliza, na maneno mapya yatazeeka kabla ya kutumiwa.

Kwa hiyo kuifasiri risala hii neno kwa neno hakutawafaa sana wasemao Kiswahili. Ifaayo ni kutungwa risala nyingine, yenye kuchukua kutoka kwa Raymond na Moen uchambuzi wao wa swali, ambao ni vigumu kuushinda, na kuacha utetezi wao wa jeuri. Risala hiyo imwambie mwenye kujibu wajibu wake katika ukurasa wa kwanza. Imwonyeshe mwulizaji jinsi ya kuandika taarifa ya kosa kwa lugha zote mbili, Kiswahili kwa ajili ya jirani na atakayekuja, Kiingereza kwa ajili ya fundi aliye mbali. Na imhimize arudi kuandika jibu lililomfaa, ili maswali ya Kiswahili yapate hazina yake, na mtu wa pili asianze upya kazi iliyokwisha malizwa na wa kwanza.