Taa Inayomsubiri Mwenye Mkongojo

Katika kivuko cha Puffin, kile chenye taa ambacho Waingereza walianza kukieneza miaka ya 1990, muda wa kuvuka hauamuliwi kabla hujafika. Ukipita upesi, magari yanaruhusiwa mapema. Ukijikongoja, yanaendelea kuzuiwa mpaka uwe umekaribia upande wa pili. Naupenda ufundi huu kuliko mengi yanayosifiwa leo kwa jina la akili bandia, kwa sababu hapa mtambo ndio unaobebeshwa kazi ya kumwelewa mtu.

Kabla yake kulikuwa na Pelican, iliyoanza mwaka 1969, na yenyewe ilijua saa tu. Mhandisi alipima upana wa barabara, akachukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, akapanga muda, basi. Kwa barabara ya mita 10 hiyo ni sekunde 8 na kidogo. Bibi anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 12 na nusu, na zile nne zilizozidi anazimalizia mbele ya bampa, huku taa ya njano ikimwekamweka kumwambia dereva apite akiona njia ni tupu. Singapore ilitafuta dawa nyingine mwaka 2009: mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo, akaongezewa sekunde. Ni jambo jema, ila linamtaka akumbuke kadi na ajitangaze kwamba hawezi mwendo wa wenzake. Puffin haimuulizi mtu umri.

Kitambuzi kinachotazama barabara yenyewe mara nyingi ni rada ndogo iliyofungwa juu ya nguzo. Hutuma mawimbi, nayo yakigonga mwili unaosogea hurudi masafa yake yakiwa yamebadilika kidogo, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Maadamu badiliko hilo linaonekana, kuna mtu njiani, na nyekundu ya magari inarefushwa hadi kikomo kilichopangwa.

Ukingoni ndipo ufundi unapopimwa, maana anayesubiri amesimama, na kwa rada ya aina hiyo asiyesogea hana tofauti na mti. Kwa nini basi atazamwe? Kwa sababu watu hubonyeza kitufe, wakaona mwanya, wakavuka zao. Nusu dakika baadaye magari yanasimamishwa kwa ajili ya hewa tupu, na dereva anayefanyiwa hivyo kila siku huanza kuidharau nyekundu. Ni lazima ombi la aliyeondoka lifutwe. Mwanzoni walitandika mikeka iliyohisi uzito wa miguu. Baadaye zikaja infraredi, zinazosoma joto la mwili dhidi ya joto la kilicho nyuma yake, na kamera za lenzi mbili zinazopima umbali kama macho yetu yanavyofanya. Lenzi ya pili ina faida kubwa: kivuli cha basi kinaweza kuwa na umbo la mtu, lakini hakina kimo.

Ninachokistahi zaidi ni kitu kidogo sana. Mtu akitoka katika eneo linalotazamwa, ombi lake halifutwi papo hapo. Mtambo hungoja kwanza. Huenda ni mama amerudi nyuma hatua moja kumshika mtoto, au ni mtu amesogea kumpisha mwenye baiskeli. Aliyeziweka sekunde zile chache aliwatazama watu kwa muda mrefu, akajua kwamba kusubiri si kusimama kama sanamu. Hata kuharibika kumepangwa kwa roho hiyohiyo: kitambuzi kikifa, mtambo huchukulia kwamba mtu yupo. Ombi linabaki, muda wa kuvuka unakwenda hadi kikomo, na hasara inawaangukia madereva kwa kusubiri kidogo zaidi.

Mtu mwekundu na mtu wa kijani nao hawako ng'ambo ya barabara kama tulivyozoea. Wako ndani ya kisanduku cha kitufe, upande wa kulia wa anayesubiri, na Uingereza magari hupita kushoto kama Kenya na Tanzania. Kwa hiyo anayeitazama taa anayatazama pia magari yanayomjia. Tatizo hutokea penye umati, kwani waliotangulia hukiziba kisanduku kwa miili yao. Hapo hufungwa kingine juu zaidi. Chini ya kisanduku kuna pia koni ndogo yenye mifuo, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Nottingham, ambayo huzunguka wakati wa kijani. Asiyeona, hata akiwa pia hasikii, huishika kwa vidole akajua zamu yake imefika.

Mwaka 2014 London ikaanza kujaribu hatua nyingine. Mfumo wake wa SCOOT, unaopanga taa kwa kufuata wingi wa magari, ulikuwa ukiyatambua kwa nyaya zilizofukiwa chini ya lami, lakini waenda kwa miguu uliwajua kwa kitufe tu: wawili walibonyeza mara moja, hamsini walibonyeza mara moja. Katika jaribio lile kamera zilikadiria ni watu wangapi wamekusanyika ukingoni, na walipokuwa wengi kijani chao kilirefushwa. Hesabu ambayo magari yalikuwa nayo kwa miongo kadhaa ikawafikia nao.