Gia za Mkono Katika Magari ya Michezo: Tunapima Kitu Gani?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii inawahusu wanaodai kwamba magari ya michezo ya kisasa hayahitaji tena gia za mkono. Hoja yao kuu ni kwamba kompyuta hubadilisha gia haraka kuliko mkono na mguu wa binadamu, hivyo klachi imebaki kuwa mzigo tu. Katika makala haya ninaonyesha kwamba hoja hiyo ni sahihi kwa hesabu, lakini inapima kisichotafutwa.

Kwanza tuwape haki yao. Ferrari na Lamborghini waliacha gia za mkono zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya isiyo na gia hizo kabisa. Badala yake iliwekwa mitambo yenye klachi mbili: gia moja inapofanya kazi, inayofuata imekwisha kuandaliwa, na kubadilisha huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna mguu unaoweza kushindana na hilo. Kwa anayetafuta sekunde uwanjani, mjadala umefungwa.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2017 Porsche haohao walirudisha gia za mkono katika GT3. Toyota walianza kuuza GR Supra mwaka 2019 ikiwa otomatiki tu, kisha mwaka 2022 wakaongeza gia za mkono. Kampuni hazitoi sadaka. Zilifanya hivyo kwa sababu wapo wanunuzi waliodai. Wanunuzi hao walijua kwamba gari lenye klachi litachelewa kidogo, na bado wakalichagua. Basi walichokuwa wakinunua si kasi peke yake.

Hapa Burundi jambo hili si geni. Spika nzuri inaweza kupiga ngoma zilizorekodiwa bila kukosea hata pigo moja. Hata hivyo, hakuna anayefunga safari hadi Gishora kusikiliza spika. Tunakwenda kuona mikono ikipiga. Gari la michezo nalo ni chombo cha kuchezwa. Ukimwondolea dereva kazi ya kuchagua gia, umemwachia usukani na pedali mbili, na sehemu kubwa ya mchezo umeichukua wewe mtengenezaji.

Hata hivyo, watetezi wa gia za mkono nao hutia chumvi. Husema zinapunguza matumizi ya mafuta. Hilo lilikuwa kweli kwa otomatiki za zamani zenye gia tatu au nne, lakini za leo zenye gia nane mara nyingi hazipitwi. Katika nchi ambayo foleni za petroli zimetuchosha miaka hii, tusidanganyane kuhusu mafuta. Wala gia za mkono hazifai kila mahali. Kutoka Kajaga kwenda katikati ya Bujumbura barabara ni tambarare. Ukikutana na msongamano, klachi ni adhabu ya goti. Panda sasa barabara ya taifa namba 1, kutoka ziwani kwenye mita 780 hivi hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika mwendo usiofika kilomita 40. Wakati wa kushuka, dereva wa gia za mkono huingiza gia ndogo kabla ya kona, injini ikazuia gari na breki zikapumzika. Otomatiki nyingi nazo zina nafasi ya gia ndogo, lakini ni rahisi kusahau kwamba ipo.

Jambo linalotugusa zaidi ni matengenezo. Magari mengi tunayoendesha huku yalitumika kwanza kwingine. Uamuzi unaofanywa leo Japani au Ujerumani utamfikia fundi wetu baada ya miaka kumi au kumi na tano. Sahani ya klachi ikiisha, fundi hushusha giaboksi na kuweka nyingine. Mitambo ya klachi mbili inahitaji pia kompyuta na programu yake. Hata mashindano ya dunia ya rali yaliona gharama hizi: kanuni za Rally1 za mwaka 2022 ziliondoa vitufe vya gia kwenye usukani na kurudisha kijiti cha kuvutwa kwa mkono, kwa sababu ni nafuu. Si gia za mkono kamili, kwani kijiti husukumwa na kuvutwa tu, lakini magari hayo ndiyo yanayopambana Naivasha katika Safari Rally. Ikiwa wanaogombea sekunde wamekubali hivyo, mwenye gari la kujifurahisha anaharakia nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba gia za mkono zibaki, ziwe hiari ya mnunuzi. Ninachopinga ni kuzigeuza pambo la matajiri. Porsche 911 R ya mwaka 2016 ilikuwa na gia za mkono tu, lakini yalitengenezwa magari 991 peke yake. Mfano bora ni Mazda MX-5, gari dogo ambalo limekuwa na gia za mkono tangu 1989 na bei yake haijawahi kukaribia ya Ferrari. Gari la aina hiyo likichakaa na kuuzwa tena, huenda siku moja likafika hata Kajaga, na fundi wa hapa akaweza kulifungua.