Barua ya Dakar, Eda ya Kasingirima

Mume wa shangazi yangu alifariki katikati ya muhula. Nilifika Kasingirima siku ya hitima, nikakuta turubai linafunguliwa na masufuria yanarudishwa kwa wenyewe. Kwenye begi nilikuwa na karatasi za mtihani ambazo sikuzisahihisha, nakala yangu ya kufundishia ya Une si longue lettre ya Mariama Bâ, imejaa wino wa rangi tatu, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii, kazi ya Clement Maganga. Hiyo ya Kiswahili niliibeba kwa sababu moja tu: kuilinganisha na majibu ya wanafunzi niliowashuku kuwa wanaisoma kwa siri badala ya Kifaransa. Darasani nilikuwa nimeipiga marufuku.

Nimefundisha fasihi ya Kiafrika ya Kifaransa kwa miaka 11, na riwaya hiyo haijawahi kukosa kwenye orodha yangu. Tasnifu yangu ya uzamili ina sura nzima, kurasa 40, kuhusu swali ambalo wahakiki wanalipenda: ile ni barua kweli, au ni shajara iliyovaa nguo za barua? Maana Ramatoulaye anamwandikia rafiki yake Aïssatou kurasa na kurasa, na tunapofika mwisho Aïssatou mwenyewe yuko njiani anakuja. Sura ile ilinipa alama nzuri. Nilikuwa naijua riwaya, au ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Kwa ambaye hajaisoma: ilitoka Dakar mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma ya kwanza kabisa mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Ramatoulaye ni mwalimu, mama wa watoto 12, amefiwa na mume. Anaandika akiwa ndani ya eda. Mume huyo, Modou, baada ya miaka 25 ya ndoa alioa mke wa pili, Binetou, rafiki wa binti yao. Habari yote inasimuliwa kutoka kwenye kile chumba cha kukaa miezi minne na siku kumi.

Shangazi naye alikuwa chumbani akihesabu miezi minne na siku kumi. Mimi ni mtoto wa kaka yake, naruhusiwa kuingia. Jioni ya pili aliniuliza, "Hicho kitabu unachokikodolea macho kinasema nini?" Nikamwambia ni cha mwanamke wa Senegali aliye kwenye eda. Akaweka kando ungo wa mchele. "Nisomee."

Nikachukua ile ya Kiswahili. Sikuwa na njia nyingine.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa jina la kitabu. Kwa Kifaransa, jina linashangaa urefu wa barua. Maganga aliposema "kama hii" alikinyoosha kidole kwenye kitu kilicho mkononi. Nilipolitaja, shangazi akauliza papo hapo, "Kama ipi?" nikamwonyesha unene wa kitabu, akaguna. Katika miaka yote ya kufundisha sijawahi kumuona mwanafunzi akilijibu jina la riwaya.

Halafu tukafika kwenye mirasse. Katika Kifaransa neno hilo ni mgeni na linahitaji kuelezwa: ni taratibu ya Kiislamu ya kugawa mali ya marehemu, ambapo siri zake zote huwekwa mezani. Ramatoulaye analichukua neno la mali na kulipeleka kwenye moyo: anaanza kugawa siri za Modou, alimdanganya nani, nyumba ya mke mdogo aliipata kwa mkopo gani. Mimi huwatumia wanafunzi kipindi kizima kuwaeleza ujanja huo, jinsi mwandishi anavyogeuza neno la sheria kuwa sitiari. Wanaandika kwenye daftari: sitiari.

Ukilisikia kwa sikio la Ujiji, neno hilo ni mirathi tu. Wiki hiyohiyo wazee walikuwa wanakuja kukaa juu ya kiwanja cha marehemu, na tayari kulikuwa na habari za mtu aliyejitokeza kutoka upande wa Kasulu akidai kwamba anadai. Nilipomweleza shangazi kuwa mwandishi ametoka kwenye mali akaingia kwenye siri, alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu. "Kwani mirathi ni nini kingine, mwanangu? Watu wanakuja kusikiliza siri. Mali yenyewe iko wapi?"

Kwa hiyo si sitiari, au si sitiari kwa kila msomaji. Bâ hakulitoa neno mahali palipolala akalipeleka kwingine. Alisikia lilichokuwa likisema siku zote katika nyumba za Waislamu waliofiwa, akaliandika kwa lugha isiyolijua. Kifaransa ndicho kinachoifanya ionekane kama ubunifu wa hali ya juu. Mimi nilikuwa nimesifia kazi ya Kifaransa.

Usomaji uliendelea jioni sita. Shangazi alimpenda Ramatoulaye, akamheshimu kwa kumkatalia shemeji aliyekuja kumposa kabla hata machozi hayajakauka. Alicheka sana sehemu ya gari ambalo Aïssatou alimnunulia. Lakini kuhusu Binetou alinikatisha. Binetou, kumbukeni, ni msichana wa shule, ameachishwa masomo, mama yake ameahidiwa nyumba nzuri na safari ya Makka. "Huyu mtoto, barua yake iko wapi?"

Nikasema hana barua, riwaya inasimuliwa na Ramatoulaye.

"Najua. Nauliza, na yeye si yuko kwenye eda? Wote wawili wamefiwa na mume mmoja. Huyu mkubwa anaandika, anasema mwenzake kaletwa kukaa nyumbani kwake, kaudhika. Sawa. Mdogo anamwandikia nani? Shule walimtoa."

Nilikaa kimya. Riwaya inamwonea huruma Binetou, hilo nilikuwa nalifundisha. Ramatoulaye mwenyewe anasema msichana yule ni mwanakondoo aliyechinjwa kwa ajili ya mali. Lakini swali la shangazi linaingia ndani zaidi. Barua ni haki ya aliyesoma. Ramatoulaye na Aïssatou walipata shule iliyowapa kalamu na wakapata pia kila mmoja mtu wa kumwandikia. Yule aliyenyang'anywa shule amenyang'anywa hata nafasi ya kuwa msimulizi. Ukilishika swali hilo, zile kurasa zangu 40, barua au shajara, zinaonekana kama mtu aliyepima upana wa mlango bila kuuliza nani amefungiwa nje.

Hapa niseme jambo kuhusu kazi yangu. Ramani ya fasihi ya Kifaransa niliyorithi inaanzia Paris, inatua Dakar, Yaoundé, Abidjan, inavuka bahari mpaka Martinique. Juu ya kichwa cha Kigoma inapita kama ndege. Mimi nimezaliwa mahali ambapo siku hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo. Wazee wetu, Wamanyema wa Ujiji, asili yao ni ng'ambo hiyo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliwatoa Wajerumani hapa na wakatawala mpaka 1921; hata walipowaachia Waingereza walibaki na eneo lao bandarini Kigoma. Kifaransa kiliwahi kutoa amri kwenye mwalo huu. Halafu kilirudi kwa namna nyingine: mwaka 1993 na tena 1996, na wakimbizi. Darasani Ujiji nilikaa dawati moja na mtoto aliyevuka ziwa na mama yake, anaongea Kiswahili chake cha "batoto" na "mutu", na katikati ya sentensi anatupia donc na parce que bila kujua kama amebadili lugha. Alinifundisha kuhesabu. Sabini ilikuwa septante, tisini ilikuwa nonante.

Nilipofika chuo kikuu mwalimu wangu mmoja alizikata hizo namba kwa wino mwekundu. Si Kifaransa, alisema. Sema soixante-dix, sema quatre-vingt-dix. Nikasema. Miaka mingi nimekuwa nikizikata kwa wino uleule kwenye karatasi za vijana kutoka Kigoma na Kasulu, na nina uhakika wapo waliojifunza kwa jirani zao kama mimi. Ni Kifaransa cha Ubelgiji, cha Kongo, cha Burundi, ni Kifaransa halali cha majirani wetu wa karibu kabisa. Sisi tu ndio tuliojifanya kwamba jirani yetu ni Paris.

Kuna njia nyingine ya kuishi kazi hii, na imekuwepo tangu kabla sijazaliwa. Gabriel Ruhumbika, mtu wa Ukerewe, alisomea uzamivu Sorbonne, akarudi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru ya 1969, ni ya Kiingereza. Zilizofuata, kama Miradi Bubu ya Wazalendo, ni za Kiswahili. Mwaka 1978 yeye na Clement Maganga, huyuhuyu wa Barua, walitoa kupitia Tanzania Publishing House kitabu cha Frantz Fanon, Les Damnés de la terre, kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Fikiria uamuzi huo. Mtu ana shahada ya Paris, angeweza kutumia maisha yake yote kuandika kuhusu Fanon katika majarida ambayo wasomaji wake ni wenzake 20. Akachagua kumfanya Fanon aseme Kiswahili.

Chuoni kwangu niliwahi kuuliza kama tafsiri inahesabiwa kwenye kupandishwa cheo. Nikajibiwa kwa upole kwamba hiyo ni "huduma kwa jamii". Makala yangu kuhusu mwisho wazi katika riwaya za barua ilihesabiwa. Sisemi haya ili kulalamika, au nasema kidogo ili kulalamika. Ninachotaka kusema ni kwamba taratibu hizo zinakufundisha kusoma. Ukiambiwa kwa miaka 11 kwamba tafsiri ni huduma, mwisho wake unaipiga marufuku darasani.

Na hoja niliyokuwa nikiitumia kuipiga marufuku ilikuwa kwamba tafsiri inakuweka mbali na "maandishi yenyewe". Wakati huohuo, muhula huohuo, nilikuwa nikifundisha Une vie de boy ya Ferdinand Oyono. Riwaya ile inaanza kwa kutuambia kwamba daftari za Toundi, mtumishi wa mzungu, ziliandikwa kwa Kiewondo, na kwamba msimulizi amezitafsiri kwa Kifaransa. Yaani maandishi yenyewe, yale ninayoyalinda, yanajitangaza kuwa tafsiri! Bila shaka ni mbinu ya mwandishi, hakuna daftari lolote. Lakini mbinu hiyo inakubali kitu ambacho sisi walimu tunakikana: kwamba chini ya Kifaransa hiki kuna lugha nyingine iliyosema kwanza. Tafsiri ya Kiswahili, iliyotoka Nairobi miaka ya 1970, inaitwa Boi tu. Oyono alilazimika kuazima neno la Kiingereza kulitia kwenye Kifaransa. Kiswahili hakikuazima siku hiyo; neno boi lilikuwa tayari limekaa jikoni kwetu na majeraha yake yote. Kwa jina peke yake, naona Kiswahili kimefika karibu zaidi na Toundi.

Hii haina maana kwamba Kiswahili kinashinda kila mahali. Fasihi ya Kifaransa ina vichekesho vya kisarufi, ina ile tofauti ya tu na vous ambayo ndiyo inayouma Toundi anaposemeshwa na mabwana zake, na sisi shikamoo yetu inafanya kazi nyingine kabisa. Anayetaka kuyaona hayo lazima ajifunze Kifaransa, nami nitaendelea kukifundisha. Ila marufuku yangu nimeiondoa. Muhula uliofuata niliweka vitabu viwili mezani, kila kifungu tunakisoma mara mbili, na swali la kwanza la mtihani lilikuwa la shangazi: barua ya Binetou iko wapi? Nilisahihisha majibu 34. Matano yalikuwa bora kuliko tasnifu yangu, na mawili kati ya hayo yaliandikwa na vijana ambao nilikuwa nimewashuku.

Eda ya shangazi ilipokwisha nilirudi Kasingirima likizo. Sasa tunasoma barazani. Tumeanza Petit Pays ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura wa mwaka 1982, riwaya iliyotoka 2016 na kupata Goncourt des lycéens mwaka huohuo. Ni mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda anayekua Bujumbura, uchaguzi wa 1993 unakuja, kisha rais Ndadaye anauawa, na kile kichochoro cha wenye nafasi anachokaa kinaanza kuingiwa na vita. Ziwa lake ni ziwa letu. Sijaiona kwa Kiswahili, kwa hiyo ninatafsiri kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, nakwama, narudi. Juzi nilikwama kwenye impasse, mtaa wao. Nikasema njia isiyotokea. Shangazi akasema, "Yaani ukiingia, umeingia."

Jirani mmoja aliyevuka kutoka Burundi miaka ile, ambaye hukaa nasi akimenya muhogo, akauliza mtaa wenyewe uko wapi. Nikamwambia Kinanira. Akasimamisha kisu.

"Kinanira napajua. Nilifanya kazi ya ndani kule. Hao watu wana mpishi?"

Nikasema wanaye, anaitwa Prothé.

"Yeye anasemaje?"

Nikarudi nyuma kurasa tatu kumtafuta.