Baridi Isiyo na Njaa

Ukitaka kujua kama mwandishi ameumba nchi kweli au amechora ramani tu, uliza swali moja: msimu ukiharibika, watu wa huko wanakula nini? Leo nataka kuiuliza Westeros, nchi ambayo wengi wetu hapa Nairobi tuliingia kupitia flashi ya rafiki na bando la usiku.

George R. R. Martin alichapisha A Game of Thrones mwaka 1996. Huko kwake kiangazi hakina tarehe ya kuisha. Kinaweza kudumu miaka, halafu majira ya baridi nayo yanakuja na kukaa miaka. Riwaya inapoanza, kiangazi kiko mwaka wa tisa na Bran Stark ana umri wa miaka saba. Yaani mtoto wa watu hajawahi kuishi msimu mwingine. Kalenda haisaidii. Wasomi wa mji wa Oldtown ndio hupima na kukadiria, kisha hutuma kunguru weupe kutangaza kwamba msimu umegeuka.

Ninachopenda ni kwamba Martin hakuishia kwenye theluji. Nje ya ngome ya Winterfell kuna kijiji ambacho nyumba zake nyingi hukaa tupu kiangazi, kisha hujaa wakulima baridi ikifika. Ndani ya ngome kuna bustani za vioo zinazopashwa joto na chemchemi za maji moto, mboga ziote hata nje kukiganda. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yananifanya niiamini nchi hiyo. Yeyote aliyekulia karibu na ghala la mahindi anaelewa: msimu mbaya hupiganwa kabla haujafika.

Halafu inakuja vita. Wakati ambapo watu wanapaswa kuweka akiba, wakubwa wanapigania kiti. Majeshi ya akina Lannister yanachoma mashamba ya Riverlands. Renly Baratheon na akina Tyrell wanafunga barabara inayopeleka chakula King's Landing, na mji unashikwa na njaa hadi raia wanaufanyia vurugu msafara wa mfalme. Na cheki: baridi bado haijafika! Njaa hiyo imeletwa na watu wenye majina, wanaokula vizuri tu.

Sasa njoo kwa tamthilia ya HBO, iliyoanza 2011 na kuisha 2019. Miaka yote hiyo tulitishwa na baridi. Ilipofika, ilifanya nini? Ikageuka jeshi la wafu, likapigwa usiku mmoja, Arya akachoma kisu, kwisha. Kama hujaiona, samahani, ila umekuwa na muda. Sansa anauliza mara moja jinsi ya kulisha majeshi na majoka, swali la maana kuliko yote ya msimu huo wa mwisho, halafu linatupwa. Vipindi viwili baadaye tuko King's Landing kwenye jua safi, na mwishoni kabisa jani la kijani linachomoza kwenye theluji. Baridi ya miaka imeisha kabla unga haujaisha jikoni.

Utaniambia: msee, hiyo ni fantasia, acha majoka yateme moto. Sawa. Lakini adui anayeuawa kwa kisu ni adui rahisi. Anatufundisha kwamba hali ya hewa ni shetani wa kutoka mbali, na kwamba shujaa mmoja akitokea, sote tumepona.

Ilmorog pia ni mahali pa kubuni. Katika Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1977, mvua inakataa. Wazee wanaanza kumwangalia punda wa Abdulla kama mwenye mkosi. Hapo tayari wanatafuta cha kuchoma kisu. Karega anawapa wazo jingine: twendeni mjini tukamwone mbunge wetu. Wanatembea, na punda yuleyule anavuta mkokoteni. Baadaye mvua inarudi na wanavuna. Hadithi ya kawaida ingeishia hapo. Kwa Ngũgĩ, barabara kubwa inafika, na benki, na mikopo, na wakulima waliostahimili ukame wanapoteza mashamba wakati mvua ipo.

Hiyo ndiyo hali ya hewa ninayoitambua. Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ikafa, na sisi huku mjini tukazoea kuita yote "janga la asili", kana kwamba visima, barabara na bei ya unga huamuliwa na mawingu. Lugha hiyo hatukuizua peke yetu. Hadithi tunazopenda huisaidia kila zinapomaliza msimu bila kutuonyesha sufuria.

Najua wengi mnaosoma hapa mnaandika nchi zenu za kubuni. Andikeni, nitazisoma zote. Ila kabla hujanihesabia majoka, niambie ghala liko wapi, na ufunguo anao nani.