Nchi ya Kale Katika Kiganja: Hukumu za Wahakiki juu ya A Link Between Worlds

Mwezi wa Novemba 1991 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video ambao katika nchi zisemazo Kiingereza uliitwa The Legend of Zelda: A Link to the Past. Ulichezwa kwa mashine iliyounganishwa na televisheni, na watoto wengi wa zama zile waliucheza hata ramani yake ikawakaa kichwani kama njia ya kwenda kisimani. Miaka 22 baadaye, Novemba 2013, ulitoka mwendelezo wake, A Link Between Worlds, safari hii kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Nintendo 3DS. Jina la Kiingereza linadokeza tu udugu wa michezo hiyo miwili. Wajapani hawakuficha neno: waliupa mchezo mpya jina lile lile la ule wa kale, wakaongeza tarakimu 2.

Sifa zilimiminika. Wastani wa hukumu uliokusanywa na Metacritic ulifika 91 katika 100, na GameSpot ikauchagua kuwa mchezo bora wa mwaka 2013. Walakini msomaji azitazamaye hukumu hizo kwa makini ataona jambo la kushangaza kidogo. Waliosifu na waliolaumu walikuwa wakiamua kesi moja, nayo ni kesi ya kumbukumbu. Waliosifu walifurahi kuiona nchi ya Hyrule imerudi, milima yake, ziwa lake na ngome yake vikiwa karibu pale pale vilipoachwa. Waliolaumu waliiona nchi ile ile, wakauliza kwa nini mtu atozwe fedha mara ya pili kwa kupita njia aliyokwisha kuipita. Pande zote mbili zilimchukua mchezaji kuwa ni mtu mzima anayeukumbuka utoto wake.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo cha kazi ya namna hii, kwa maana anaijua takhmisi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mtangulizi wake, akaitangulizia mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyoyafanyia maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Kazi hiyo haihesabiwi kuwa wizi wala uvivu. Huulizwa tu kama mishororo mipya imeifanya ile ya kale isikike kwa sikio jipya, au imekuwa kiraka kilichoshonewa kanzu ya mtu mwingine. Swali hilo ndilo ambalo aghalabu ya wahakiki wa 2013 hawakuliuliza, ijapokuwa majibu yake yamo ndani ya mchezo wenyewe.

Jambo jipya lililo kubwa ni ukuta. Link, kijana mwanafunzi wa mhunzi, anakutana na mchawi Yuga, naye Yuga anamgeuza kuwa picha bapa iliyochorwa ukutani. Kwa nguvu ya bangili aliyopewa, Link anaweza kujibandua. Na tangu hapo huingia ukutani na kutoka apendapo, akatembea pembeni ya jabali au kupenya katika ufa mwembamba. Eiji Aonuma, msimamizi wa utengenezaji, ameeleza kwamba fikira hii ya ukuta ilizaliwa kabla ya kuamuliwa kwamba mchezo ukae katika nchi ya 1991. Habari hiyo ina uzito katika kesi hii. Watengenezaji hawakuanza kwa kufukua kaburi la kale kisha wakatafuta cha kulipamba. Walikuwa na kitu kipya mkononi, wakakitafutia mahali ambapo kingesema mengi. Na mahali penyewe palichaguliwa vyema. Mchezaji wa zamani alikuwa akiujua kila ukuta wa Hyrule kuwa ni mwisho wa mambo. Sasa mwisho ule umekuwa njia, na kumbukumbu yake ndiyo inayomdanganya, maana macho yake yamezoea kutoutazama.

Katika mambo ya sura walikuwako waliosema kwamba mchezo ni mkavu, hauna mapambo. Lawama hiyo yahitaji kupimwa kwa taarifa nyingine ya watengenezaji. Mchezo huu hutazamwa kutoka juu, kama ndege aonavyo kijiji. Na mtu akitazamwa hivyo kwa haki, huonekana utosi na mabega tu. Katika mchezo wa 1991 wachoraji hawakujali kanuni hiyo, waliwachora watu wakionekana nyuso. Mwaka 2013, vitu vilipoumbwa kwa kina na upana, ilibidi kuvilaza kinyumenyume vyote, watu na samani pia, ili macho ya mchezaji yaone kile yanachokikumbuka. Yaani ulimwengu mzima umepindwa ili uonekane umenyooka. Anayeita ukavu kitu kilichogharimu hila nyingi kiasi hiki hajautazama uso wa picha kwa muda wa kutosha. Pia picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, na ulaini huo, ambao hauonekani katika picha iliyochapishwa gazetini, mkono wa mchezaji huutambua mara moja.

Kuhusu silaha hapana haja ya maneno mengi. Zamani upinde, nyundo au fimbo ya moto ilipatikana ndani ya majumba ya mafumbo, moja baada ya moja. Hapa karibu vyote hukodishwa na mchuuzi aitwaye Ravio, avaaye kofia ya sungura na aliyejipangisha katika nyumba ya Link pasipo aibu. Mchezaji akifa, vitu vya kukodi hurudi dukani. Malipo ni kwa sarafu ziitwazo rupee, jina linalomkumbusha mtu wa Pwani rupia za babu zake. Faida yake ni uhuru, kwani mchezaji huyaendea majumba karibu yote kwa utaratibu autakao. Hasara yake walioitaja waliitaja kwa haki: jumba lolote likiweza kuwa la kwanza, haliwezi kuwa gumu kupita mwenzake, wala haliwezi kumdai mchezaji achanganye vyombo vitatu ambavyo pengine hajavikodi. Ndiyo maana ugumu hukaa kimo kimoja kwa muda mrefu. Iko daraja kali zaidi, ambayo mapigo ya maadui huumiza mara nne, lakini hufunguliwa baada ya mchezo kumalizwa. Mwenye njaa haponi kwa kuambiwa kwamba chakula kitaletwa kesho.

Lakini hadithi, ambayo hukumu nyingi ziliipa maneno machache, ndipo penye jambo lenyewe. Yuga huwageuza binti mfalme Zelda na wazawa wa wenye hekima saba kuwa picha, akawachukua. Anajiona yeye ndiye kipimo cha uzuri, na kwake kitu kizuri ni kile kilichotundikwa, kisichonena wala kuzeeka. Je, iko sura iliyo kamili zaidi ya dhambi ya kumbukumbu tamu? Mtu apendaye utoto wake kupita kiasi hufanya hivyo hivyo: huwachukua walio hai akawatundika ukutani. Mchezo unaoshtakiwa kwamba waishi kwa mambo ya kale umemfanya adui wake kuwa mtundikaji wa picha, na umempa shujaa wake dawa moja tu, yaani kuingia katika picha pasipo kubaki humo.

Kisha iko nchi ya pili, Lorule. Katika jina Hyrule sikio la Kiingereza husikia neno lenye maana ya juu. Katika Lorule husikia neno lenye maana ya chini. Ni nchi yenye umbo lile lile, ila imepasuka mashimo yasiyo na mwisho. Nayo ilikuwa na Triforce, pembetatu takatifu za dhahabu, kama Hyrule; watu wake walipoipigania pasipo kukoma, wazee wao waliivunja ili vita viishe, na nchi ikaanza kufa. Binti mfalme wake, Hilda, anajifanya rafiki wa Link mpaka mwisho, ndipo inapofunuka kwamba yeye ndiye aliyemtuma Yuga kwenda kuiba Triforce ya Hyrule. Huu ni mwendelezo unaojihukumu wenyewe. Nchi iliyofinyangwa kwa mfano wa nyingine, iliyopoteza kitu chake kitakatifu, inataka kuishi kwa cha jirani. Wahakiki waliouliza kama mchezo mpya waiba uhai wa mchezo wa kale hawakuona kwamba mchezo umeliuliza swali hilo kabla yao. Mwishoni Link na Zelda hawatumii ombi lao kwa ajili ya Hyrule; huomba Lorule irudishiwe Triforce yake yenyewe.

Kosa la mchezo ni kwamba jambo hili zito limebanwa katika saa ya mwisho. Dhiki ya Hilda yaonekana katika ardhi iliyopasuka, lakini sababu yake haisemwi mpaka karibu pazia lishuke. Ravio, ambaye ni mtumishi wa Hilda na mwenzi wa Link wa upande wa pili, anaivua kofia yake wakati ambapo mchezaji hana tena nafasi ya kumtazama upya. Lawama hii ni nzito kuliko ile ya urahisi, nayo ilitajwa na wachache.

Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS lilifungwa kwa wanunuzi mwezi wa Machi 2023, na tangu hapo autakaye mwendelezo huu hutafuta nakala iliyokwisha kutumika. Mchezo wa 1991, kinyume chake, umepatikana tangu 2019 kwa wanachama wa huduma ya mashine ya Nintendo Switch. Basi kijana wa leo aweza kuanza kwa ule wa kale, akaumaliza, na wiki ifuatayo akashika huu, bila utoto wowote wa kuukumbuka. Kwake miaka 22 ni siku saba. Atausogelea ukuta wa ngome ya Hyrule akiujua kuwa haupitiki, kwa kuwa juzi tu ulimzuia, kisha atabonyeza kitufe.