Geji, Sensa na Presha ya Oili: Uhakiki wa Istilahi Chache za Ufundi wa Magari

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huishia, kwa upande wetu, Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde. Mahali kama hapo vipuri na maneno huvuka mpaka pamoja. Mwenye gari kuukuu atakaye kufunga geji ya oili hana budi kujua mambo mawili: kifaa kipi kinalifaa gari lake, na jina lake ni lipi. La pili ndilo letu. Lakini halitengani na la kwanza.

Tuanze na neno mafuta. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na ya kupikia ni mafuta vilevile. Basi mfasiri aandikapo "presha ya mafuta", msomaji hawezi kujua kama asemwa mfumo wa petroli au ulainishaji wa injini, na hizo ni presha mbili mbalimbali. Mafundi walikwisha kuitatua shida hiyo kwa neno oili. Hatuoni sababu ya kuwarudisha nyuma.

Neno la pili lina wagombea wengi. Fizikia ina kanieneo, neno lililoundwa vizuri kwa kani na eneo. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Waganga husema shinikizo la damu. Kila moja lina makao yake. Katika gereji neno ni presha, nalo limekwisha kukaa. Mwalimu wa ufundi na afundishe kwamba presha ya fundi ndiyo kanieneo ya mwanafizikia, wala asilifute lolote kati ya hayo mawili.

Tatizo kubwa limo katika sensa. Kwanza, neno hili lina kazi nyingine: Tanzania ilifanya sensa ya watu na makazi mwaka 2022. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hutumika ovyo kwa vifaa viwili. Kimoja ni swichi, ambayo huwasha taa tu presha ishukapo mno, mara nyingi chini ya baa 0.5. Cha pili hubadili ukinzani wa umeme kadiri presha ibadilikavyo, na hivyo huisogeza mishale ya geji hatua kwa hatua. Atakayenunua swichi kwa ajili ya geji ataona mshale ukilala upande mmoja, naye atailaumu injini isiyo na kosa. Au, vibaya zaidi, ataipuuza injini inayokwisha beringi.

Hata hicho cha pili sharti kioane na geji yake. Aina moja ya Ulaya huenda omu 10 hadi 180, ukinzani ukipanda pamoja na presha. Aina moja ya Kimarekani hushuka kutoka omu 240 hadi 33. Zikichanganywa, geji husema uongo. Tena uzi wa kufungia wa inchi 1/8 una namna mbili: ya Kimarekani ina miviringo 27 kwa inchi, na ile ya Kiingereza, itumiwayo pia katika magari mengi ya Kijapani, ina 28. Zafanana machoni, lakini kulazimisha moja ndani ya nyingine huleta uvujaji. Geji ya mrija, ipokeayo oili yenyewe, haihitaji kifaa cha umeme hata kidogo; mfasiri asiipachike sensa isiyokuwapo.

Kwa hiyo twapendekeza: oili, presha ya oili, geji, swichi ya presha kwa kile cha taa, na kihisi, kutokana na hisi, kwa kile cha geji. Vipimo navyo viandikwe kwa ukamilifu, kwani baa 1 ni karibu pauni 14.5 kwa inchi ya mraba, na namba isiyo na kipimo haimwambii fundi lolote.

Istilahi si pambo la kamusi. Neno moja likisimamia vitu viwili, gharama hulipwa na mwenye gari, pengine njiani usiku, mbali na fundi yeyote.